Mtoto wa Panga ya Saidi: walijuaje kwamba alizikwa?

Kisa cha yule mtoto wa kale ambaye mifupa yake ilikutwa kwenye pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, watu wengi wanakishika kwa namba tu, miaka 78,000, wanashangaa kidogo wanapita, na namba yenyewe inastahili kushangaliwa sikatai, lakini kwangu mimi uzito wa kisa hiki uko kwenye swali lingine kabisa: walijuaje kwamba alizikwa? Maana mifupa kukutwa ardhini sio kaburi. Mtu anaweza kufia pangoni akafunikwa na vumbi taratibu miaka na miaka, fisi anaweza kuburuta maiti akaiacha kwenye kona, maji ya mvua yanaweza kusomba mifupa yakaitupa kwenye shimo lililokuwepo tayari. Ukitamka "alizikwa" umesema kuna watu walichimba, wakamlaza, wakamfukia, yani kuna watu waliamua huyu mtoto asiachwe hivi hivi. Hilo ni dai kubwa, na huwezi kulithibitisha kwa kuangalia mifupa na kuona huruma.

Kwa hiyo nataka kukichambua kisa chote, hatua kwa hatua. Na msimamo wangu nauweka mapema: mashine zilizotumika ni nzuri sana na nitazieleza, ila kilichofanya sayansi yote ile iwezekane ni uamuzi mmoja uliofanyika pale pale pangoni, wa kuacha kuchimba.

Tuanze na mahali. Panga ya Saidi ni pango la mawe ya chokaa kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kama kilomita 15 hivi kutoka baharini, kwenye vilima vyenye msitu. Wenyeji wanalijua siku zote na limekuwa sehemu yenye heshima kwao, sio kwamba liligunduliwa na mtu kutoka mbali. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 2010, kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na taasisi ya Max Planck iliyokuwa Jena, Ujerumani. Walichokuta ni tabaka juu ya tabaka za udongo, kila tabaka na mambo yake, zana za mawe, mifupa ya wanyama waliowindwa, shanga za makombe, mabaki ya moto. Ukizihesabu kutoka juu kwenda chini unapata kumbukumbu ya karibu miaka 78,000 watu wakiingia na kutoka kwenye pango hilo hilo, na kwa Afrika Mashariki sehemu zenye mfululizo mrefu hivo ni chache mno.

Sasa mwaka 2013, kwenye kuta za shimo la uchimbaji, vikaanza kuonekana vipande vya mifupa. Vidogo, vimeoza vibaya, haikujulikana ni ya nini. Mwaka 2017 ndo wakafika kwenye kitu chenyewe, kama mita 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango: shimo dogo la mviringo, udongo wake tofauti na wa pembeni, na ndani yake mifupa imejikusanya pamoja, laini kiasi kwamba ukiigusa inageuka unga.

Hapa ndo ningependa usome polepole.

Mchimbaji ana mazoea, na mazoea yanasema ukikuta mfupa unausafisha, unaupiga picha, unaupima ulipo, unautoa, unaweka kwenye mfuko wenye namba. Ndivyo kazi ya akiolojia ilivyofanyika kwa vizazi. Wangefanya hivo pale, tungebaki na mfuko wa unga mweupe na picha chache, na leo hakuna mtu angekuwa anazungumzia kaburi. Walichofanya, wakaona huu mfupa hautoki salama, basi wasiutoe. Wakaimarisha, wakachimba kuzunguka, wakafunga bonge zima kwa plasta, udongo na mifupa na kila kilichomo kwa pamoja, likasafirishwa hadi makumbusho Nairobi likiwa hivo hivo zima. Na kumbuka mpaka hapo hawakuwa na uhakika hata kama ni binadamu. Yani wamebeba bonge la udongo la nani asijulikane kwa gharama na usumbufu wote ule kwa sababu tu waliheshimu kile wasichokijua.

Nairobi walipoanza kufungua kidogo yakaonekana meno mawili, na meno ndo yaliyoleta wazo kwamba huyu huenda ni mtu. Kutoka hapo bonge likapelekwa Burgos, Hispania, kwenye kituo cha utafiti wa mageuzi ya binadamu kinachoitwa CENIEH, kazi ya huko ikiongozwa na María Martinón-Torres ambaye ni mtaalamu hasa wa meno ya watu wa kale. Huko walichimba tena, safari hii mezani, kwa miezi, chini ya taa na lenzi, huku kila hatua ikipigwa skani. Ripoti ikatoka kwenye jarida la Nature mwezi Mei 2021, na upande wa Makumbusho ya Kenya jina lililosikika sana ni la Emmanuel Ndiema. Mtoto mwenyewe wakampa jina la Mtoto, basi, na mimi nitamwita hivo hivo.

Skani iliyotumika ni ile ya tomografia ndogo, ndugu wa CT ya hospitali lakini inaona vitu vidogo zaidi kwa mbali sana. Eksirei zinapita kwenye bonge kutoka pande zote, kompyuta inakusanya maelfu ya picha za vipande vyembamba na kuzipanga kuwa umbo kamili, halafu mtaalamu anakaa kwenye skrini anatenganisha kipi mfupa kipi udongo, kipande kwa kipande. Kazi ya kuumiza macho, maana mfupa uliooza na udongo uliougandia vinakaribia kufanana kabisa kwenye picha. Lakini faida yake unaweza kuona mfupa ulivyolala ndani ya udongo bila kuugusa, unaugeuza kwenye skrini, unauangalia kwa nyuma, na uti wa mgongo wa mtoto ukaonekana umepangika pingili juu ya pingili, mbavu bado zimeshika ule mviringo wa kifua, sehemu ya chini ya fuvu na taya ya chini vipo mahali pake. Mifupa ya namna ile kwa mkono usingeipanga kamwe. Ungepata chembe.

Umri nao ulitoka kwenye meno. Meno ya mtoto yanakua kwa ratiba inayojulikana, yale ya utotoni yameshaota huku ya ukubwani yakiendelea kujengeka ndani ya taya, na skani inayaona hata yale ambayo hayajatoka. Ukiangalia taji limefika wapi na mzizi umefika wapi unapata umri: miaka miwili na nusu hadi mitatu. Na meno hayo hayo yakasema ni Homo sapiens, mtu kama sisi, ingawa yana alama chache za kizamani ambazo kwa watu wa leo ni nadra. Hilo la alama za kizamani linapitwa haraka na wengi, na mimi naona ni la maana, kwa sababu linaendana na ushahidi mwingine unaozidi kujikusanya kwamba sura ya binadamu wa leo haikuja siku moja ikiwa imekamilika, ilijijenga kidogo kidogo, hapa na pale barani Afrika.

Haya, turudi kwenye swali. Alizikwa?

Ushahidi wa kwanza ni shimo lenyewe. Je lilichimbwa na watu au ni bonde tu la asili kwenye sakafu ya pango? Hapa walichukua sampuli za udongo, ndani ya shimo na nje ya shimo, wakalinganisha mambo matatu: ukubwa wa chembe, kemia yake, na mpangilio wake ukiangaliwa kwa hadubini. Hiyo ya hadubini naipenda sana. Unachukua kipande cha udongo bila kukivuruga, unakigandisha kwa gundi maalum mpaka kinakuwa kigumu, unakikata kipande chembamba mno mpaka mwanga unapita, halafu unaangalia. Udongo uliojikusanya wenyewe kwa miaka una mistari, una tabaka nyembamba, chembe zimejilaza. Udongo uliochotwa na kumwagwa umevurugika, umechanganyika, hauna mpangilio. Ndani ya shimo la Mtoto udongo ulikuwa tofauti na wa kuta zinazolizunguka, na mpaka kati ya viwili hivyo ulionekana. Yani kuna mtu alikata kuingia kwenye tabaka la zamani zaidi, na baadaye udongo ukachotwa kwenye sakafu ya pango ukarudishiwa juu yake.

Ushahidi wa pili ni mwili ulivyooza, na hapa naomba uvumilie maana ni habari nzito kidogo kuhusu mtoto. Mwili ukiachwa wazi viungo vinaachiana kwa mpangilio unaojulikana, vya shingo, vidole na mbavu vinaachia mapema kwa sababu vimeshikwa na nyama tu, na mfupa ukiachia penye nafasi tupu unaanguka, unabiringika, kifua kinakuwa bapa. Lakini mwili ukiwa umefukiwa, kila nyama inapoisha udongo unaingia taratibu kujaza nafasi yake, na mfupa unabaki pale pale ulipokuwa. Kwa Mtoto, viungo vile dhaifu havikuhama au vilihama kidogo sana. Maana yake alikuwa amezungukwa na udongo tangu mwanzo. Na kuangalia mifupa kwa hadubini kukaonyesha uharibifu unaotokana na kuoza kwa mwili mbichi, wadudu wadogo wasioonekana wakila kutoka ndani, na udongo wa karibu nao ukashuhudia hivo hivo: aliozea pale pale, kwenye lile shimo, na alifunikwa haraka baada ya kulazwa. Hakuletwa akiwa mifupa. Hakuburutwa na mnyama.

Kufika hapo kwangu mimi hoja imeshatosha, shimo lililochimbwa, mwili mzima uliolazwa humo ukiwa mbichi, udongo uliorudishiwa mapema. Lakini kuna la tatu, na hili ndo lililowagusa wengi.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mtulinga wake wa kulia na mbavu mbili za juu zilikuwa zimezunguka kwa namna ambayo haiji hivi hivi, inakuja pale sehemu ya juu ya mwili inapokuwa imebanwa na kitu kilichozungushwa, majani makubwa pengine au ngozi, kitu ambacho kilioza kikaisha. Sanda, kwa neno letu. Na kichwa je? Kichwa na pingili za shingo vilikaa kwa namna inayoonyesha kwamba chini yake palikuwa na kitu kilichokishikilia, kile kitu kikaoza, ikabaki nafasi tupu, kichwa kikalalia humo. Yani kila mahali pengine mifupa inasema "nimezungukwa na udongo", isipokuwa chini ya kichwa tu. Mto. Walimwekea mto.

Angalia jinsi hili linavyofanya kazi. Sanda haipo, mto haupo, hakuna hata uzi mmoja uliobaki baada ya miaka yote hiyo, na bado tunajua juu ya vyote viwili kwa sababu mfupa mmoja umezunguka na mwingine umelalia upande. Hiyo nafasi tupu ndo ushahidi. Sasa mchimbaji angetoa mfupa mmoja mmoja na kuufuta vumbi, hiyo nafasi angeifuta pamoja na vumbi, na hakuna mashine duniani ya kuirudisha. Ndo maana nasisitiza lile bonge la plasta kuliko skana.

Niseme pia kwamba uzito wa ushahidi haulingani na haifai kuchanganya. Kuzikwa kuna ushahidi wa njia nyingi zisizotegemeana. Sanda na mto ni tafsiri nzuri ya mkao wa mifupa michache, watafiti wenyewe wamelisema kwa uangalifu, na ukisimulia kisa hiki kwa mtu mwingine nakuomba ulinde tofauti hiyo. Na vitu kama shanga au zawadi ndani ya kaburi havikupatikana.

Sasa hiyo miaka 78,000 imetoka wapi? Watu wakisikia umri wa vitu vya kale wanafikiria kaboni 14, na kaboni haifiki huko. Kaboni 14 inapungua nusu kila baada ya miaka kama 5,730, ukifika miaka 50,000 kilichobaki ni kidogo mno hakipimiki kwa uhakika. Panga ya Saidi waliitumia kaboni kwenye tabaka za juu, kule chini wakalazimika kutumia njia ya mwanga, inayopima ni lini mchanga uliona jua mara ya mwisho.

Inafanyaje? Chembe ya mchanga wa kwatzi ikiwa gizani ardhini inapigwa kila siku na mnururisho mdogo, yani mionzi, unaotoka kwenye madini ya pembeni, urani, thoriamu, potasiamu, na mingine kutoka angani. Mnururisho unasukuma elektroni, baadhi zinanasa kwenye kasoro ndogo ndani ya chembe, na zinazidi kujikusanya kama betri iliyowekwa chaji bila kuchomolewa. Chembe ikipigwa na jua betri inaisha yote, inaanza sifuri. Kwa hiyo kazi ya mtafiti ni kuichukua ile chembe bila kuionyesha mwanga, wanapigilia bomba la chuma ukutani, wanaliziba, linafunguliwa maabara kwenye taa nyekundu hafifu, halafu wanaimulika kwa mwanga maalum na yenyewe inatoa mwanga wake kidogo, na ukipima mwanga huo unajua imekusanya kiasi gani. Kisha unapima udongo wa pale unatoa mnururisho kiasi gani kwa mwaka. Gawanya kimoja kwa kingine, unapata miaka. Njia hii ya mwanga ilianza kutumika 1985, sio ya zamani hata kidogo.

Ila kuna mtego, na ni mtego wa makaburi yote. Kaburi linachimbwa kutoka juu kwenda chini. Udongo wa kuta za shimo ni wa zamani kuliko kaburi, kwa hiyo ukipima wa pembeni ya mifupa ukasema huu ndo umri wa marehemu umeshakosea, umempa umri wa ardhi aliyochimbiwa. Ili upate umri sahihi inabidi ujue mdomo wa shimo ulianzia tabaka gani. Umeona tena tunarudi kwenye udongo na mipaka yake, sio kwenye mashine. Walipima tabaka za juu na za chini, wakaziunganisha vipimo vyote kwa hesabu za takwimu zenye kuheshimu mpangilio wa tabaka, jibu likaja miaka 78,300, zaidi au pungufu ya 4,100. Kwa lugha nyepesi ni kati ya miaka kama 74,000 na 82,000. Hiyo "zaidi au pungufu" ibebwe pamoja na namba kila inapotajwa, ni sehemu ya jibu.

Na wacha nisahihishe jambo linalozunguka sana: Mtoto sio kaburi la zamani zaidi duniani. Ni la zamani zaidi linalojulikana Afrika, kwa binadamu wa aina yetu. Mapango ya Skhul na Qafzeh kule Israeli yana makaburi ya Homo sapiens yanayokaribia au kuzidi miaka 100,000, na Neanderthal, ndugu zetu wa kale waliotoweka, nao walizika. Hii inaleta fumbo linaloniumiza kichwa, sisi tumetokea Afrika halafu makaburi ya zamani zaidi yapo nje ya Afrika? Inawezekana watu wa kale hapa walikuwa na njia nyingine za kuaga wafu wao ambazo haziachi alama ardhini. Inawezekana pia, na mimi naegemea zaidi huku, kwamba Afrika haijachimbwa vya kutosha, na pale ilipochimbwa zamani ilichimbwa kwa njia zilizofuta ushahidi. Angalia Border Cave, Afrika Kusini. Kuna mtoto mchanga alifukuliwa pale mwaka 1941, pamoja na kombe la baharini lililotobolewa, anakadiriwa kuwa wa miaka kama 74,000, na mabishano kuhusu umri wake na jinsi alivyolazwa yamedumu miongo na miongo. Siwalaumu, mwaka 1941 hata njia ya kupima umri kwa kaboni 14 ilikuwa haijabuniwa. Lakini udongo uliomzunguka yule mtoto ulishaondoka, na maswali waliyojibiwa watu wa Panga ya Saidi kwake hayawezi kuulizwa tena kwa ukamilifu ule.

Kuhusu DNA, swali ambalo kila mtu analiuliza, mazingira ya kitropiki hayana huruma nayo. Joto na unyevu vinaivunja vipande. DNA ya zamani zaidi ya binadamu iliyosomwa kusini mwa Sahara ni ya watu wa ndani ya miaka 20,000 iliyopita, mbali sana na 78,000. Ndo maana kwa huku kwetu njia nyingine zinabeba mzigo, protini za enameli, lile ganda gumu la nje la jino, kwa mfano, ambazo zinadumu kuliko DNA kwa mbali. Mwaka 2025 watafiti wakiwemo Waafrika walitangaza kusoma protini za meno ya Paranthropus robustus, jamaa wa kale wa binadamu, kutoka Afrika Kusini, miaka milioni 2 hivi, na wakaweza kusema yupi dume yupi jike. Ukisikia mtu anasema Afrika haina cha kupima kwa sababu ya joto, mwambie apime vingine.

Kuna jambo linanikera katika kisa hiki na silifichi. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inataka kibali cha kuchimba na kibali cha kusafirisha kitu cha kale nje ya nchi, na ni vizuri, lakini bado bonge lilibidi lisafiri mpaka Burgos ili lisomwe. Ushirikiano ulikuwa wa kweli, majina ya Waafrika yapo kwenye ripoti, sawa. Ila kila bonge likisafiri ujuzi wa kulifungua nao unabaki kule lilikofunguliwa. Kijana wa chuo kikuu Nairobi au Dar anayesomea akiolojia leo anahitaji kukaa mbele ya skana ya aina ile, kukata vipande vyembamba vya udongo kwa mkono wake, kufungua sampuli kwenye taa nyekundu. Wafadhili na serikali wanapenda kujenga jengo la maonyesho lenye kioo, mimi ningeomba kwanza maabara moja ya udongo iliyokamilika kwa ajili ya ukanda mzima.

Na kuna sehemu ya mwisho ambayo inaonyesha kisa hiki kimeweka kipimo gani. Mwaka 2023 timu ya Lee Berger, mtafiti wa mabaki ya watu wa kale, ilitangaza kwamba Homo naledi, kiumbe mwenye ubongo kama theluthi ya wa kwetu, aliyeishi kama miaka 240,000 hadi 335,000 iliyopita, naye alikuwa akizika wafu wake kwenye mapango ya Rising Star, Afrika Kusini. Ingekuwa kweli inapindua mengi, maana hapo hatuzungumzii tena kaburi la mtu kama sisi. Mwaka huo huo ikatoka makala ya kupinga, na miongoni mwa waandishi wake ni Martinón-Torres na Michael Petraglia, watu wale wale wa Mtoto. Hawakusema haiwezekani. Walisema ushahidi haujaonyeshwa. Wakauliza yale yale ambayo wao walijitaka wenyewe: mpaka wa shimo uko wapi, udongo wa ndani unatofautianaje na wa nje, mifupa imeshikana kwa kiasi gani, unaondoaje uwezekano wa maji au mporomoko?

Wengine waliona ni wivu wa kitaaluma. Mimi nimesoma hoja zao nikaona ni haki kabisa, ukishaonyesha kwamba jambo linaweza kuthibitishwa kwa udongo basi atakayekuja baada yako naye aulizwe udongo. Timu ya Rising Star wakarudi na ripoti iliyorekebishwa yenye uchambuzi zaidi, baadhi ya wataalamu walioikagua ripoti wakalainika, wengine bado, mjadala unaendelea. Na kuna kitu kimoja walifanya ambacho kinanipa matumaini na kazi yao: baadhi ya mifupa waliiacha ardhini makusudi, na sehemu moja waliitoa ikiwa bonge zima ndani ya plasta, wakaipiga skani bila kuifungua. Kwa hiyo hata kama jibu lao la leo halijamridhisha kila mtu, udongo bado upo, na mwenye njia bora zaidi anaweza kwenda kuuliza.